Adana Eight-Five: mistari ya chini inazama, ya juu inafifia. Nianzie wapi?

KadiZaMbale

Habari zenu wakubwa wa chapa. Mashine ya kuchapa ni Adana Eight-Five, ile ya mezani yenye fremu ya kufungia herufi ya inchi 8 kwa 5. Kazi kubwa ni kadi za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi, saizi ya A6, kwenye kadi ya gramu 300. Maandishi ni herufi za risasi pointi 12, na majina ya juu pointi 36. Siku nyingine ni vitabu vya risiti vyenye mashine ya namba. Rola mbili ni za mpira, magurudumu yake ya plastiki.

Shida zimekuja pamoja. Mistari ya chini ya kadi inazama hadi unaisikia kwa kidole upande wa nyuma, huku ile ya juu ikitoka kijivu. Herufi kubwa zina pete: ukingo mweusi sana, katikati pamepauka. Kuanzia kadi ya hamsini hivi, nafasi kati ya maneno zinaanza kuacha vijistari vyeusi. Na upande wa kushoto maandishi yana kivuli, kama yamechapwa mara mbili.

Hadi sasa nimekaza skrubu mbili za juu nyuma ya kitanda (bamba linaloegemewa na herufi), karibu mzunguko mzima kila moja. Mto wa karatasi, ule unaokaa nyuma ya kadi, ni shiti sita za fotokopi na kipande cha katoni. Wino nimebadilisha, haikusaidia. Naomba mpangilio wa kufuata, maana kila nikigusa kimoja kingine kinaharibika.

FundiRisasi

Ndugu, umejibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Mashine hii inarekebishwa kwa zamu: rola kwanza, mto wa pili, skrubu mwisho kabisa. Ukianza na skrubu unatibu ugonjwa wa wino kwa kukandamiza, ndipo kila kitu kinapovurugika. Kwa hiyo toa mto wote, weka kando, tuanze kwenye rola.

Herufi yenye pete ina sababu tatu: wino mwingi, rola zinazokaa chini mno, au mkandamizo uliopita kiasi. Kuzitofautisha ni rahisi na hakuhitaji kuchapa hata kadi moja. Paka wino kama kawaida, shusha rola zipite juu ya herufi, kisha simamisha mashine ikiwa wazi. Chukua tochi ya simu uangalie herufi kubwa kwa ubavuni. Wino unatakiwa ukae usoni tu, kama vumbi lililolala juu ya meza. Ukiona umeshuka mabegani na kwenye kuta za herufi, rola zimekaa chini. Ukiwa usoni tu lakini unang'aa na una mawimbi, wino ni mwingi. Uso ukiwa safi na pete bado ipo kwenye kadi, hapo ndipo utalaumu mkandamizo.

Kimo cha herufi za risasi za Uingereza ni inchi 0.918, yaani milimita 23.32 kutoka kitandani hadi usoni. Rola inatakiwa iguse kimo hicho kwa wepesi. Kipimo chake ni kipande cha chuma cha mviringo chenye kipenyo cha mm 23.32, urefu wa sm 4 hivi, kilichotiwa mshikio mwembamba. Fundi wa leti (mashine ya kuchonga vyuma) atakikata kutoka nondo laini ya mm 25. Toa fremu, egemeza kipimo kitandani, shusha rola taratibu juu yake halafu zirudishe. Rola itaacha mstari wa wino kwenye chuma. Upana wa mm 3 ni mzuri. Ukizidi mm 4 rola inasukuma wino mabegani. Ukipungua chini ya mm 2, au mstari ukikatikakatika, iko juu mno na herufi zilizochakaa hazitapata wino. Pima kushoto, katikati na kulia, kila rola peke yake. Katikati ikiwa tofauti na pande mbili, rola yenyewe imepinda au imevimba, na hakuna tepu itakayoiokoa.

Rola ikikaa chini, dawa ya haraka ni tepu juu ya reli ambazo magurudumu yanapita. Tepu nyeusi ya umeme ina unene wa takriban mm 0.13, kwa hiyo kila tabaka linainua rola kiasi hicho. Anza tepu juu ya mahali herufi zinapoanzia na uimalizie chini ya zinapoishia. Ukiwa na matabaka mawili, la juu liwe fupi kwa sm 1 kila mwisho ili gurudumu lipande polepole. Gurudumu likiruka, rola inadunda, na utaona mstari mweusi uleule mahali palepale kwenye kila kadi.

Jambo linalosahaulika: reli hazitiwi mafuta. Watu wanapaka mashine nzima oili wakidhani wanaitunza. Reli ikiwa na mafuta, gurudumu linateleza badala ya kuzunguka, rola inaburuzwa juu ya herufi, na wino unafutwa upande mmoja. Kadi inatoka kama ina upungufu wa mkandamizo ilhali ni wino umekwanguliwa. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye petroli kidogo (mbali na jiko na sigara) hadi zikwaruze kidoleni. Oili iende kwenye pini za bawaba, mhimili wa mpini na ndoano za rola, tone moja moja.

Wino wa kuanzia kwenye sahani ya mashine hii ni punje ya njegere, haizidi. Zungusha mara thelathini bila kadi, kisha sikiliza. Wino wa kutosha unanong'ona, "ssss", kama mtu anavuta shuka taratibu. Ukitatarika kama mafuta ya kukaangia, umezidi. Bandika karatasi chakavu juu ya sahani uvute kiasi. Kisha ongeza kichwa cha kiberiti kila baada ya kadi ishirini hadi thelathini, kufuatana na ukubwa wa maandishi. Saa saba mchana wino wa mafuta unalegea na pete zinarudi hata kama asubuhi ulikuwa sawa. Poda ya magnesia, ile nyeupe ya wapanda miamba, inaukaza: ncha ya kisu kwa wino wa ukubwa wa kokwa la jozi, ukoroge vizuri juu ya kioo kabla haujaenda kwenye sahani.

MamaKaratasi

FundiRisasi amemaliza ya wino. Mimi nishike mto, kwa sababu mistari ya chini inayozama ni mto mtupu, na skrubu zake hazina kosa.

Mashine hii inafunga kama kitabu. Bawaba iko chini, bamba linalobeba kadi linakuja juu likizunguka. Kuna unene mmoja tu ambapo bamba linafika likiwa sambamba na herufi. Mto ukizidi unene huo, sehemu ya chini iliyo karibu na bawaba inagusa kwanza na kubeba nguvu zote, na ya juu haifiki. Mto ukipungua, mambo yanageuka: juu kunazama, chini kunafifia. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, jiulize uzito umelalia wapi. Chini, punguza karatasi. Juu, ongeza. Kushoto na kulia ndiko kwenye kazi ya skrubu.

Sasa piga hesabu. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina mm 0.1. Shiti sita ni mm 0.6. Katoni hata iliyobanwa haipungui mm 1. Na kadi yako ya gramu 300 ni mm 0.35 hadi 0.45 yenyewe, nayo ni sehemu ya mto! Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye risiti za gramu 80 kwenda kwenye kadi, bila kutoa shiti tatu nyuma, anashangaa mashine "imeharibika usiku". Katoni itupe. Ni laini, inazama kila pigo na hairudi, kwa hiyo kadi ya kwanza na ya mia hazifanani, na herufi zinazama ndani ya kadi hadi mabegani kama zinapigwa kwenye godoro.

Anza hivi: shiti moja ya manila (karatasi ngumu) ya juu iliyovutwa ikakaza kama ngozi ya ngoma, chini yake kadi moja ngumu na nyororo ya gramu 250, na chini ya hiyo shiti moja ya fotokopi. Basi. Funga kadi na karatasi ya kaboni ukiwa na rola safi zisizo na wino: kaboni itazame kadi, ubonyeze mpini taratibu. Utapata chapa ya mkandamizo peke yake, wino hauwezi kukudanganya. Ongeza shiti moja moja hadi mstari wa juu na wa chini vifanane. Kwa kadi ya gramu 300 hutafika mbali.

Mpini ukishuka bila kipingamizi halafu ukakutana na ukinzani kwenye sentimita chache za mwisho tu, uko sahihi. Ukianza kugoma katikati ya safari, acha, usiukalie! Ni mto umezidi, na bawaba ndiyo itakayolipa. Herufi hazihitaji kuzama ili zionekane. Wateja siku hizi wanapenda kadi yenye mashimo, lakini kwa herufi za risasi hiyo ni kuzimaliza. Anayetaka kuzama achongewe bloki, yaani bamba moja la maandishi yote.

Kivuli cha kushoto: angalia mambo mawili kabla ya kulaumu chuma. Je, manila imelegea? Ibonyeze kwa kidole gumba katikati. Ikitembea, kadi nayo inatembea wakati wa kugusa. Na je, vidole vya kushikia kadi vinaishika kweli pande zote mbili? Wino unanata, bamba linapofunguka kadi inabaki kwenye herufi nukta moja kisha inavutwa, hapo ndipo kivuli kinazaliwa. Funga uzi au mpira mwembamba kutoka kidole kimoja hadi kingine, upite kwenye nafasi nyeupe isiyo na maandishi. Utaibandua kadi kwa usawa.

Jingine la msimu. Kati ya Machi na Mei kadi inavuta unyevu na kujikunja. Iliyojikunja haikai kwenye vizuizi vya chini. Fungua bunda siku moja kabla, lilale chini ya ubao mzito chumba hichohicho cha kazi.

ChumaKatwe

Nakubaliana na wote, nina nyongeza ya skrubu kwa sababu mzunguko mzima alioukaza lazima urudi.

Legeza nati za kufungia kama zipo. Rudisha zile skrubu mbili za juu, kisha pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) nafasi kati ya kitanda na mwili wa mashine kwenye pembe zote nne, ziwe sawa. Huo ni mwanzo tu. Sasa chukua herufi nne za H za seti moja, pointi 24 au zaidi, zisizochakaa, uzifunge kwenye pembe nne za fremu, kila moja sm 1 kutoka ukingoni. Mto uwe ule wa MamaKaratasi. Bonyeza juu ya kaboni. Pembe iliyofifia ikaze robo mzunguko, usizidi, kisha jaribu tena. Ukikaza pembe moja, ya mkabala wake inaweza kubadilika, kwa hiyo zunguka zote nne kabla ya kuamua. Kwenye Adana skrubu ziko nyuma ya kitanda. Mashine nyingine za mezani zinaziweka nyuma ya bamba, na hapo maana ya kukaza inategemea muundo, ndiyo sababu ya robo mzunguko. Zikishakubaliana, funga nati, tia alama ya rangi kwenye kichwa cha kila skrubu, na usiziguse tena kwa sababu ya kazi moja.

Kuhusu kivuli: baada ya manila na vidole, shika bamba kwa mikono miwili mashine ikiwa wazi, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, pini ya bawaba au tundu lake limelika. Kivuli cha kwenda pembeni hutoka hapo. Kile cha kwenda juu na chini mara nyingi ni manila. Pini ni kazi ya leti: tundu linapanuliwa, linatiwa bushi ya shaba. Usijaze kwa kipande cha kopo.

FundiRisasi

Tumesahau vile vijistari vyeusi vya kadi ya hamsini. Hizo ni nafasi (vipande vifupi vya risasi vinavyotenganisha maneno) zinazopanda, na asili yake iko kwenye kufunga fremu.

Nafasi inapanda kwa sababu mstari wake hauko imara, na kila pigo linaivuta juu kidogo. Mstari mmoja ukiwa mrefu kwa unene wa unywele, ndio unaobeba mkazo wote wa kabari (vyuma vya kukazia herufi ndani ya fremu), na mistari jirani inabaki inaelea. Kwa hiyo kila mstari upangwe hadi usimame peke yake kwenye kipangio (kitrei cha mkononi cha kupangia herufi) bila kuanguka, ukisukumwa unasogea kwa shida. Neno moja likilegea, ongeza karatasi nyembamba pembeni mwa nafasi. Kingine: vipande vya risasi kati ya mistari vikiwa virefu kuliko mstari, vinagusa mbao za pembeni kabla ya herufi. Vikate viwe vifupi kwa pointi 1.

Fungia juu ya jiwe bapa kabisa. Masalio ya granite ya meza za jikoni yanafaa kuliko meza ya mbao, na kioo cha mm 10 kinafaa pia. Futa chini ya herufi na juu ya jiwe. Chembe moja ya mchanga inainua herufi, na utaihangaikia kutwa nzima. Kabari zikae pande mbili zinazopakana, chini na kulia. Kaza kwa vidole tu, kisha lalisha kibao laini juu ya maandishi ukigonge kwa nyundo ya mpira taratibu, ili kila herufi ikae chini. Kaza kidogo upande mmoja, kidogo upande wa pili, gonga tena, malizia. Ingiza ufunguo wa kabari chini ya pembe moja ya fremu ili inyanyuke, ubonyeze maandishi kwa kidole. Kisichobaki sawa na wenzake hakijafungwa.

Onyo la upande mwingine: kabari zikikazwa kwa hasira, fremu inajipinda na katikati ya maandishi inavimba juu kama chapati kwenye kikaango. Hapo katikati inazama, pembeni inafifia, na mtu anakimbilia skrubu. Weka rula juu ya mistari uone mwanga chini yake.

Na mpangilio ukae katikati ya fremu. Ukiuweka pembeni, nguvu yote inalalia pembe moja na bamba linainama. Kwa maandishi machache, funga pande zote mbili vipande vya chuma vyenye kimo cha herufi, nje ya eneo la kadi, virefu kuliko maandishi. Rola inapanda juu yao kabla ya kukutana na herufi na haizamii kwenye mstari wa kwanza. Vitagusa manila, kwa hiyo ikate matundu mahali hapo.

KadiZaMbale

Asanteni sana wakubwa. Nimetengenezewa kipimo na nimepima. Rola zote mbili zinatoa jibu moja: kulia mstari wa mm 3, kushoto mm 4.5, katikati kati ya hapo. Kalipa inaonyesha magurudumu ya kushoto yamepungua mm 0.5 kwenye kipenyo kuliko ya kulia. Reli ya kushoto ilikuwa na mafuta na unga wa chuma. Nibandike tabaka nne?

Swali dogo juu yake. Kadi za Kiganda zina ŋ, na seti yangu ya pointi 12 haina. Nimepata chache kutoka seti nyingine zinazofanana umbo, lakini zinatoboa kadi.

ChumaKatwe

Hapana, tabaka mbili. Umepima kipenyo, lakini rola inapanda kwa nusu kipenyo. Nusu ya mm 0.5 ni 0.25, na tepu mbili ni 0.26. Reli ya kushoto peke yake. Inafanya kazi kwako kwa sababu rola zote mbili zimechakaa sawa. Kama ni rola moja tu yenye gurudumu bovu, tepu kwenye reli ingeinua pia ile nzima na kuiharibu. Hapo unavalisha gurudumu lenyewe bomba la plastiki linalonywea kwa joto, lile la mafundi wa umeme, kwa sababu halina maungio. Tepu ukiizungusha kwenye gurudumu inaacha kidaraja, na rola inaruka kila mzunguko.

Sababu ya uchakavu umeitaja: mafuta na unga wa chuma ni msasa. Gurudumu liliteleza na kusagika. Ukipata nafasi, chonga manne mapya kwa nailoni ngumu, yote kwa kipenyo kimoja sawa na cha rola zako. Peleka rola yenyewe kwa fundi wa leti, usimpe namba uliyoiandika. Na mshawishi achonge manne kwa mshiko mmoja wa mashine, bila kulegeza katikati.

Ukimaliza kazi, toa rola uzitundike. Zikilala kwenye sahani wiki nzima zinapata ubapa, na kipimo chako kitakuonyesha mistari miwili tofauti kwa rola ileile.

MamaKaratasi

Kuhusu ŋ, pima kimo kwa kalipa kabla ya jambo lolote. Ukisoma karibu mm 23.56, hizo ni herufi za kimo cha Kifaransa. Zinazidi zako kwa mm 0.24, yaani karatasi mbili na nusu za fotokopi, lazima zitoboe. Hakuna mto wa kuzisawazisha, kwa sababu herufi ndefu haifupishwi kwa kuweka kitu. Kuzisugua miguu kwa msasa inawezekana kwa herufi moja mbili, juu ya kioo, ukipima kila misuguo mitano. Ikipinda hata kidogo itatoa chapa upande mmoja. Afadhali uandike ng' kama taipureta zilivyofanya miaka yote, na eŋŋoma iwe enng'oma. Au bloki ya majina yote ichongwe na ŋ ndani.

Na ukiwa unanunua herufi, kumbuka seti za Uingereza zimehesabiwa kwa Kiingereza: e tele, lakini k, w na y kiganja kimoja. Kiganda na Kiswahili vinakula a, k, w na y. Nunua seti mbili ndogo au uombe nyongeza ya hizo nne, la sivyo utasimama katikati ya mwaliko.

Mashine ya namba ya risiti inahitaji utaratibu wake. Kile kitufe chenye alama ya No. kinasimama juu kidogo kuliko tarakimu, na ndicho kinachozungusha magurudumu kinapobonyezwa hadi mwisho. Mto ukiwa mdogo hakifiki chini na namba inajirudia. Ukiwa mkubwa kinatoboa karatasi. Kwa hiyo kiweke mahali pa katikati, uongeze kipande cha karatasi kwenye mto chini ya kitufe tu, usiongeze mto mzima. Usiibane mashine hiyo kwa kabari moja kwa moja. Ganda likibanwa ubavuni magurudumu yanakwama na utaona tarakimu nusu juu nusu chini. Weka kipande cha mbao laini kati yake na chuma. Ikimaliza kazi, iogeshe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, tone la oili ya cherehani. Wino ukikaukia ndani, hapo itaruka namba, na mhasibu wa mteja hatakubali risiti 117 mbili.

Mstari wa kutoboa wa kuchania risiti usiuchape pamoja na wino. Meno yake yanakata rola. Chapa kwanza, kisha toa rola zote, funga kisu cha meno peke yake, upite mara ya pili.

KadiZaMbale

Tepu mbili kushoto, katoni imetupwa, manila imekazwa, shiti mbili nyuma. Mstari wa wino ni mm 3 pande zote. H nne zinatoka sawa na skrubu zimetiwa rangi. Kadi mia na hamsini, nafasi hakuna iliyopanda, kivuli hakuna. Kimebaki kimoja: g ya mstari wa tatu inafifia tumbo, kila kadi, wenzake wote weusi.

FundiRisasi

Badilisha hiyo g na nyingine kutoka kisanduku. Ikitoka sawa, ile ya kwanza imechakaa, itenge kwenye kopo la risasi ya kuyeyusha, usiirudishe kwa wenzake. Nyingine nayo ikififia mahali palepale, kosa liko kwenye mto: bandika kipande cha karatasi ya shashi cha ukubwa wa herufi kwenye kadi ngumu iliyo chini ya manila, mahali hasa g inapogusa. Alama ya mahali utaipata kwa kuchoma sindano kupitia manila. Chana kingo za shashi kwa vidole, usikate kwa mkasi, ili unene ufifie taratibu na g isiachiwe kivimbe kinachoonekana kwenye herufi za jirani.